Doti, Jora na Cherehani: Maneno ya Nguo za Kihindi na Riziki ya Ushonaji Katika Ufipa

1.0 Utangulizi

Wanaisimu walioshughulikia maneno ya mkopo katika Kiswahili wamezoea kuuliza swali moja: neno hili limetoka katika lugha gani? Jibu huandikwa katika kamusi kwa kifupisho kimoja ndani ya mabano, na kazi ikaonekana imekwisha. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba, kwa upande wa msamiati wa nguo na ushonaji, jibu la namna hiyo ni nusu tu ya habari, na mara nyingine ni ile nusu isiyo na uzito. Neno bafta likiandikiwa kuwa ni la Kiajemi, msomaji haambiwi kwamba kitambaa chenyewe kilifumwa Gujarat, kikapakiwa katika majahazi ya wafanyabiashara wa Kihindi, kikauzwa Unguja na Bagamoyo, na ndipo kikapandishwa bara juu ya vichwa vya wapagazi. Asili ya neno ni Uajemi. Njia ya neno ni India. Na ni njia, si asili, inayomweleza mtafiti ni watu gani walikutana, wakiwa na shughuli gani.

Eneo lililochaguliwa kupimia hoja hii ni Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa. Uchaguzi huu una sababu mbili. Kwanza, Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka pwani, juu ya uwanda wenye kimo cha takribani mita 1,800. Neno la nguo halikufika huko kwa upepo wa kusi wala wa kaskazi. Kila lililofika lilichukuliwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kulichukua. Pili, Ufipa haikuwa nchi isiyo na nguo. Kabla ya duka la Mhindi kulikuwako mfumaji, na kwa hiyo inawezekana kuuliza si tu ni maneno gani yaliyoingia bali pia ni maneno gani yaliyotoka.

2.0 Nguo kabla ya duka

Pamba ilistawi katika Bonde la Rukwa na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwenye joto, na si juu uwandani kwenye baridi ya Juni na Julai. Watu wa bonde na wa uwanda waliisokota na kuifuma kwa kitanda cha kufumia kilicholazwa chini na kushikiliwa kwa vigingi. Nguo iliyopatikana ilikuwa nzito na imara, na ilijulikana kwa jina la seketa. Jina hilo halikuishia Ufipa; kwa majirani wa upande wa kusini, Wamambwe na Wanamwanga, ambao mpaka wa kikoloni uliwagawa kati ya Tanganyika na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), lilisikika kwa wingi wake, maseketa.

Inafaa hapa kulinganisha nguo na chuma. Ufipa inajulikana sana kwa wataalamu wa akiolojia kwa sababu ya tanuri zake ndefu za kuyeyushia chuma, malungu, ambazo baadhi yake bado zimesimama mashambani. Kwa kuwa zimesimama, zimeandikwa. Wazee waliulizwa juu yake tangu zama za ukoloni, na katika miaka ya 1990 Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizichunguza kwa kina. Majina ya sehemu za tanuri, ya zana na ya hatua za kazi yamo vitabuni. Kitanda cha kufumia kilikuwa cha miti na kamba. Mfumaji alipokiacha kikaoza, na majina ya sehemu zake hayakupata bahati ile ya malungu. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya mwanzo ya 1960 na kutoa kitabu chake kikubwa juu ya dola ya Wafipa mwaka 1981, aliwakuta watu ambao tayari walivaa nguo za dukani.

Ufumaji haukuuawa kwa siku moja. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilifika Ufipa katika karne ya 19 ikitafuta pembe, vyakula na watumwa, na nguo ndiyo iliyokuwa fedha yake. Baadaye Wajerumani waliweka boma Kasanga, wakapaita Bismarckburg, na kodi ya nyumba iliyoanzishwa katika koloni lao lote mwishoni mwa miaka ya 1890 ikamlazimu kila mwenye nyumba kutafuta rupia. Mtu anayelazimika kuuza nguvu zake ili apate rupia hana siku nyingi za kukaa mbele ya kitanda cha kufumia. Na akiisha kuwa na rupia, kitambaa cha Bombay dukani ni rahisi kuliko seketa. Hivyo ndivyo neno seketa lilivyobaki katika vinywa vya wazee, na doti ikaingia katika vinywa vya wote.

3.0 Asili na njia

Neno duka lenyewe ni mfano mzuri wa kuanzia. Wengi hulipa asili ya Kiarabu, dukkān, na hakuna ubaya. Lakini neno hilo hilo limo katika Kiajemi, Kihindi na Kigujarati kwa umbo la dukān, na watu walioeneza maduka kutoka pwani hadi bara katika nusu ya pili ya karne ya 19 walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa Kachchh na Kathiawar. Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897, alipata utajiri wake kwa kuziandalia safari za bara bidhaa na wapagazi. Allidina Visram, mzaliwa wa Kachchh aliyefariki mwaka 1916, alipanga maduka katika njia za misafara na baadaye kuifuata reli hadi Uganda. Abdulaziz Lodhi, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya athari za lugha za Mashariki katika Kiswahili, amesisitiza kwamba mchango wa lugha za Kihindi umepuuzwa kwa muda mrefu kwa sababu umejificha nyuma ya Kiarabu na Kiajemi. Msamiati wa nguo unaunga mkono kauli hiyo kuliko msamiati wowote mwingine.

Bafta, kama ilivyotajwa, ni neno la Kiajemi lenye maana ya "iliyofumwa"; bandari ya Bharuch huko Gujarat ilikuwa mashuhuri kwa bafta karne nyingi. Melimeli ni malmal ya Kihindi, kitambaa chepesi sana cha pamba. Zari, uzi wa dhahabu, unatokana na zar, dhahabu kwa Kiajemi, lakini waliousokota na kuuuza walikuwa mafundi wa India. Rangi na chapa zilikuja katika shehena hiyo hiyo, kwa maana kitambaa cha kupigwa chapa kilihitaji maneno yote mawili. Doria, kitambaa chenye mistari, ni ḍoriyā ya Kihindi, kutokana na ḍor, uzi. Neno hili la mwisho limepatwa na bahati mbaya: lilikutana na doria nyingine, ya Kiarabu, yenye maana ya ulinzi wa kuzungukazunguka. Kwa kuwa kitambaa kilitoweka madukani na askari hawakutoweka, doria ya nguo imesahauliwa na vijana wote, na mwanafunzi akiikuta katika maandishi ya zamani hudhani mhusika amevaa sare ya polisi.

Je, maneno haya yote yalipanda hadi Ufipa? La. Melimeli na doria ni maneno ya pwani, na yamebaki ya pwani. Sababu moja huenda ni hali ya hewa tu: nguo nyepesi inayomfaa mtu wa Bagamoyo haimfai mkulima anayetoka alfajiri kulima matuta katika baridi ya uwandani. Kaniki, nguo ya pamba iliyotiwa nili, ilikwenda mbali kuliko melimeli. Ni ngumu, haionyeshi uchafu, inafaa shambani, na rangi yake ya kiza imeipa nafasi katika shughuli za uganga hata leo. Mkopo wa neno, basi, hufuata matumizi ya kitu. Hoja hii inaonekana kuwa nyepesi, lakini kamusi zinazoorodhesha melimeli na kaniki kana kwamba zina uenezi sawa zinaisahau.

4.0 Kutoka vazi hadi kipimo

Katika maneno yote ya Kihindi yaliyofika Sumbawanga, doti ndilo lililobadilika zaidi na linalostahili maelezo marefu zaidi.

Katika Kihindi na Kigujarati dhotī ni vazi la mwanamume: kitambaa kirefu kisichoshonwa, kinachozungushwa kiunoni na kupitishwa kati ya miguu. Mswahili hakulichukua vazi hilo. Alichukua urefu wake. Katika biashara ya misafara doti ilikuwa kipimo, na Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya safari ya maziwa, aliueleza mfumo wenyewe: shuka ni dhiraa nne, yaani takribani yadi mbili, doti ni shuka mbili, dhiraa nane. Hongo ililipwa kwa doti, wapagazi waliajiriwa kwa doti, chakula kilinunuliwa kwa shuka na sehemu za shuka. Kitambaa kilichopimwa hakikulazimika kuwa cha Kihindi. Kwa miaka mingi kilichopendwa zaidi kilikuwa merikani, kilichofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na mabaharia wa Salem, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza pamba na kuwapa wafumaji wa Uingereza, kisha wa Bombay, nafasi ya kuingia. Msafiri angeweza kusema doti kumi za merikani, na ndani ya kirai hicho kifupi India ikatoa kipimo na Marekani ikatoa kitu.

Mageuzi ya pili yalikuja na kanga mwishoni mwa karne ya 19. Kanga huuzwa vipande viwili vilivyo sawa, na jozi hiyo ikaitwa doti. Hapa kipimo cha urefu kimegeuka kuwa hesabu ya vipande. Mwanamke anayenunua doti moja ya kanga katika soko la Sumbawanga hafikirii dhiraa nane. Anafikiria kipande cha kujifunga na kipande cha kujitanda. Baadaye matumizi yamepanuka hadi kwenye vitenge. Kwa hiyo neno moja limepita hatua tatu: vazi la mwanamume, urefu wa kitambaa chochote, jozi ya nguo ya mwanamke. Katika hatua zote tatu jambo moja halikubadilika: kitambaa hakijashonwa. Inastahili kuongezwa kwamba, baada ya viwanda kadhaa vya nguo vya Tanzania kufungwa au kubinafsishwa katika miaka ya 1990, sehemu kubwa ya kanga zinazouzwa nchini hupigwa chapa India. Doti imekwenda, imegeuka jinsia na maana, na imerudi kwao kuchapishwa.

Jora, ambalo pia husikika gora, ni ndugu wa doti katika biashara: ni kitambaa kizima kabla hakijakatwa, ambacho katika zama za misafara kilikadiriwa kuwa yadi 30. Kisarufi, hata hivyo, maneno haya mawili yamekwenda njia mbalimbali. Doti limebaki katika ngeli isiyobadilika umbo, doti moja, doti tatu. Jora limeingia katika ngeli ya ji-/ma-, jora moja, majora matatu, pamoja na duka na gunia, ambayo nayo yamepita katika mikono ya wafanyabiashara hao hao. Tofauti hii si ya bahati nasibu. Vipimo katika Kiswahili, kama vile yadi, pishi na ratili, hupenda kubaki bila kiambishi cha wingi. Vitu vinavyobebwa na kupangwa rafuni huelekea ma-. Sarufi, kwa hiyo, inashuhudia kwamba kwa msemaji doti ni hesabu, na jora ni kitu.

5.0 Cherehani na vyerehani

Cherehani ina mzizi wake katika charkh ya Kiajemi, gurudumu, neno ambalo nchini India limetoa charkhā, gurudumu la kusokotea uzi. Cherehani ya mkono, yenye gurudumu dogo ubavuni, na baadaye cherehani ya miguu, vilienea Afrika Mashariki katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20. Umbo la charahani nalo lilisikika. Kinachovutia zaidi si asili bali wingi. Neno geni lililoingia kwa umbo hili lilipaswa kukaa katika ngeli ya N, cherehani moja, cherehani mbili, na wengi husema hivyo hadi leo. Lakini magazeti, hotuba na mazungumzo ya mafundi yamejaa vyerehani. Msemaji ameisikia ch- ya mwanzo, akaichukulia kuwa ni ki- iliyotangulia irabu, kama ilivyo katika chombo na cheo, akatoa wingi wake kwa vy-. Ndiyo maana upatanisho haujatulia: wapo wasemao cherehani yangu na wapo wasemao cherehani changu, na mara nyingine mtu yule yule hutumia yangu katika umoja na vyangu katika wingi.

Mtu anaweza kudai kwamba ni sauti tu iliyoleta mageuzi haya. Dai hilo halitoshi. Cheti, ambalo pia lina asili ya Kihindi (chiṭṭhī), limetoa vyeti. Lakini chapa na chapati, yenye asili hiyo hiyo na sauti hiyo hiyo ya mwanzo, hayakutoa vyapa wala vyapati. Panahitajika sababu ya kimaana ya kuisaidia ile ya kifonolojia. Ngeli ya ki-/vi- ndiyo makao ya vyombo na zana: kisu, kijiko, kifaa, chombo chenyewe. Cherehani ni zana, na ilipofika mlangoni pa ngeli hiyo ilikuwa na umbo na maana vyote viwili. Cheti, karatasi ndogo ya kushikwa mkononi, ilikuwa na udogo kama hati yake ya kuingilia. Chapati haikuwa na chochote ila sauti.

Jambo hilo hilo limetokea kwa zana ya pili ya fundi. Mkasi ni miqaṣṣ ya Kiarabu. M- yake, ambayo katika Kiarabu ni sehemu ya muundo wa majina ya zana, imechukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli ya m-/mi-, na wingi ukawa mikasi. Zana mbili zilizo kuu juu ya meza ya fundi, moja iliyopita India na nyingine ya Uarabuni, zote zimevuliwa viambishi vyao na kuvikwa vya Kibantu. Hayo hayafanyiki kwa vitu ambavyo watu huviona kwa mbali. Hufanyika kwa vitu ambavyo watu wamevishika.

Kudarizi ni tatizo gumu kidogo. Darzī, kwa Kiajemi na Kihindi, ni mshonaji; Gujarat kuna jamii nzima ya watu wa kazi hiyo waitwao Darji. Kiswahili kina kitenzi darizi, chenye maana ya kutia nakshi kwa uzi, na pia kina tarizi, ambacho chanzo chake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana karibu na hiyo. Inaelekea kwamba maneno mawili yaliyofanana kwa sauti yalikutana pwani na kusaidiana. Lililo wazi ni kwamba jina la mtu lilikataliwa. Mshonaji hakuitwa darizi wala darji. Aliitwa fundi, na alipohitaji kutofautishwa na fundi wa saa au wa baiskeli akaitwa fundi cherehani. Waswahili walikopa zana na nakshi lakini hawakukopa cheo, kwa sababu cheo cha mwenye ujuzi wa mikono walikuwa nacho.

6.0 Baraza ya duka

Mgawanyo wa msamiati sasa unaweza kuonekana. Vitenzi vya kazi, karibu vyote, ni vya Kibantu: kupima, kukata, kushona, kuunga, kupinda, kufuma, kubana. Majina mengi ya vitambaa na vipimo ni ya Kihindi au yaliyopita India. Majina ya mavazi yaliyoshonwa ni ya Kiarabu na ya Kiajemi kwa tabaka la zamani, kama suruali na joho, na ya Kiingereza kwa tabaka jipya: shati, koti, gauni, sketi, blauzi, pamoja na sehemu zake, kola na zipu. Mtu aliyezoea kuona Wahindi kama chanzo cha ushonaji atashangaa kwamba lugha zao hazikutoa majina ya mavazi. Lakini mavazi makuu ya India yaliyofika huku hayakuwa ya kushonwa. Sari ni kitambaa cha yadi tano hadi tisa kinachokunjwa na kuzungushwa mwilini; dhotī vilevile. Kilichokuja kwa lugha ya Kihindi kilikuwa kitambaa. Gauni lilikuja kwa lugha ya shule, misheni na boma.

Mahali ambapo tabaka hizi zilikutana ni baraza ya duka. Katika miji ya wilaya ya Tanganyika, Sumbawanga ikiwa mmoja wao, mpango ulikuwa wa namna moja: mwenye duka ndani, majora yamepangwa rafuni, fundi nje barazani na cherehani yake. Mteja huchagua kitambaa, hukatiwa yadi zake, hutoka hatua tatu, hupimwa, huambiwa siku ya kurudi. Mwenye duka anamhitaji fundi ili kitambaa kiuzike, na fundi anamhitaji mwenye duka kwa kivuli na kwa wateja. Katika hatua hizo tatu mteja huvuka mpaka wa kiisimu: ndani amesema jora, yadi, rangi, nje anasema shona, bana, gauni. Mafundi wa zama hizo kwa kawaida walikuwa wanaume. Wanawake waliingia kwa mlango mwingine, wa shule za misheni na madarasa ya sayansi kimu, na baadaye wa vikundi, na leo wako wengi katika kazi hii.

Mpango huo ulivunjwa na siasa za uchumi kabla haujavunjwa na soko. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na utaifishaji wa majengo wa mwaka 1971, wafanyabiashara wengi wenye asili ya Asia waliihama miji ya bara. Biashara ya jumla ilikwenda kwa makampuni ya mikoa, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini. Kitambaa kikawa cha Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, au cha Mwatex. Na katika miaka ya mwanzo ya 1980, mara nyingi, hakikuwapo kabisa. Hali hiyo ilikuwa chungu zaidi Rukwa, mkoa uliohesabiwa miongoni mwa minne iliyolisha taifa mahindi. Mkulima aliyekuwa na fedha ya mavuno hakuwa na cha kununua, na fundi aliyekuwa na cherehani hakuwa na cha kushona. Kulegezwa kwa masharti ya biashara mwaka 1984 kulileta kitambaa, na nyuma ya kitambaa kukaja mitumba.

Mtumba ni neno la Kibantu kwa mzigo uliofungwa; zamani ulikuwa mzigo wa mpagazi wa msafara, na mara nyingi ndani yake mlikuwa na majora. Leo ni nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuiondoa polepole katika muda wa miaka mitatu, lakini baada ya Marekani kutishia kuondoa nafuu ya ushuru, Tanzania haikuendelea na mpango huo. Kwa fundi wa Sumbawanga mtumba una sura mbili. Shati la mtumba humnyima oda ya shati. Lakini shati hilo limekatwa kwa mwili wa mtu wa nchi nyingine, na mwenye nalo hulileta kubanwa. Kubana, kupunguza urefu, kubadili zipu, kugeuza kola: kazi hizi ndogo, zilizokuwa za pembeni, sasa ni sehemu kubwa ya siku. Barabara ya lami ya kutoka Tunduma, yenye kilomita zipatazo 223, iliyokamilika katika miaka ya 2010, imeyaleta marobota karibu zaidi.

Linalobaki imara ni sare za shule. Elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 iliongeza watoto madarasani bila kumwondolea mzazi gharama ya sare, na Januari ndiyo nguzo ya mwaka wa fundi, pamoja na miezi inayofuata mavuno. Ni katika muktadha huu pia ndipo wingi wa vyerehani unaposikika sana: mbunge amegawa vyerehani, shirika limekabidhi vyerehani kwa kikundi cha akina mama. Zawadi hiyo ni ya heri, ila wanaoitoa huhesabu zana na kusahau baraza. Cherehani bila duka la kitambaa karibu na bila mteja mwenye sababu ya kushonesha ni samani tu.

7.0 Sari na maneno yasiyo na kamusi

Sari yenyewe imefanya nini katika Kiswahili? Karibu hakuna. Halikugeuka kuwa kipimo kama doti, halikupata wingi wa Kibantu kama cherehani, halikutoa kitenzi. Kwa karne nzima limekuwa jina la vazi la watu wengine, linaloonwa mjini na katika filamu za Kihindi. Hali imeanza kubadilika kwa njia ambayo wakopaji wa zamani hawakuitarajia. Katika sherehe za sendofu na za kitchen party, bibi harusi hubadili mavazi zaidi ya mara moja, na mojawapo mara nyingi ni la Kihindi, lenye rangi kali, zari na mtandio. Fundi huletewa picha katika simu. Mteja hana jina la sehemu za vazi hilo, na fundi hana. Wanaonyeshana kwa kidole. Blauzi fupi inayovaliwa chini ya sari huitwa blauzi ya sari, sketi yake pana huitwa sketi ya Kihindi, na suruali na kanzu yake huitwa Panjabi. Kwa mara ya kwanza vazi la India linashonwa na fundi wa Kiafrika kwa mteja wa Kiafrika, na linapewa majina yaliyoundwa kwa maneno ambayo Kiswahili kilikwisha kuyachukua kwa Waingereza.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na matoleo yake ya 2004 na 2013 ni hazina kwa maneno ya nguo zilizokwisha kutoweka. Msomaji atapata humo melimeli na kaniki. Kwa fundi anayefanya kazi leo ni maskini. Bana ipo, lakini kwa maana ya kushika kwa nguvu kutoka pande mbili. Maana ya kupunguza upana wa nguo iliyokwisha kushonwa, ambayo ndiyo inayompatia fundi unga wa jioni, haikupewa fasili yake. Mshono hufasiliwa kama mahali palipoungwa kwa uzi, wakati kila mteja aingiaye kwa fundi akiuliza "una mishono gani mipya?" anauliza juu ya mitindo. Majina ya vipimo vinavyoandikwa kwa chaki au kwa kalamu pembeni mwa kitambaa, ya aina za marinda, ya hatua kati ya kukata na kuunga, yamo vinywani mwa mafundi wa soko la Sumbawanga kama vile ya kitanda cha seketa yalivyokuwamo vinywani mwa wafumaji wa Bonde la Rukwa, na hayahitaji tanuri iliyosimama ili yaandikwe. Yanahitaji mtafiti mwenye daftari, akae barazani siku kadhaa za Januari, wakati mstari wa wazazi wenye watoto wa darasa la kwanza ukiwa mrefu na fundi hana nafasi ya kusema ila juu ya kazi yake.